Jioni ya afya ya dunia chuoni London: mwongozo kamili wa kuhudhuria, kuuliza na kufahamiana

Msimu wa masomo ukianza, vyuo vya London hufungua kumbi jioni kwa mihadhara ya afya ya dunia: malaria, kipindupindu, chanjo, uzazi salama, VVU. Mingi ni ya bure na haidai uwe mwanafunzi wa hapo. Ukikaa ukatazama slaidi, mara nyingi utaona ramani ya kwetu: Mwanza, Ifakara, Kilifi, Rakai. Nauandika mwongozo huu kwa Waswahili walio mjini hapa kwa masomo, kazi au familia: wauguzi, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, madaktari wanaosubiri usajili, akina mama waliokuwa wahudumu wa afya ya jamii kabla ya kusafiri. Watu wanaozungumziwa kwenye slaidi zile ni ndugu zetu, na sisi tunajua mengi ambayo hayamo kwenye jedwali. Nataka tukae viti vya mbele na tuulize.

Mfano wangu mkuu ni London School of Hygiene & Tropical Medicine, iliyoko Keppel Street, eneo la Bloomsbury. Taratibu nitakazozieleza hazitofautiani sana na za vyuo vingine vya mjini, kama UCL, Imperial na King's.

Kuchagua jioni yenyewe

Fungua tovuti ya chuo, sehemu ya matukio. Usichague kwa kutazama kichwa cha mada peke yake. Angalia nani anazungumza na amefanyia kazi wapi, kisha angalia muundo. Mhadhara wa mtu mmoja huchukua kama saa moja pamoja na maswali. Mjadala wa jopo una watu watatu au wanne, na hapo nafasi ya hadhira kuuliza hubanwa. Kama ni mara yako ya kwanza, nakushauri utafute mhadhara wa uprofesa, yaani ule anaoutoa mtu aliyepandishwa cheo kuwa profesa. Familia yake huwa imekaa ukumbini, kwa hiyo hujitahidi kusema lugha ya watu wa kawaida, na husimulia maisha yake ya utafiti tangu mwanzo. Utaelewa zaidi hapo kuliko kwenye semina ya wataalamu wa takwimu.

Kuna jioni moja ya kila mwaka ambayo ningependa kila Mswahili wa London aione. Mwezi Septemba, John Snow Society, chama cha kumuenzi daktari John Snow, huandaa mhadhara unaoitwa Pumphandle Lecture, yaani mhadhara wa mpini wa pampu, na hufanyika hapo hapo Keppel Street. Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia Soho, mtaa wa London, na kuua watu zaidi ya 600 katika eneo dogo. Daktari John Snow alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akaona vimeizunguka pampu ya maji ya Broad Street, akawashawishi viongozi wa mtaa waung'oe mpini wake. Ulitolewa tarehe 8 Septemba. Ugonjwa ulikuwa tayari umeanza kupungua, na Snow mwenyewe alilikiri hilo, ila hoja yake kwamba maji ndiyo yaliyobeba ugonjwa ilisimama. Kwenye mhadhara huo mpini hung'olewa na kurudishwa mbele ya hadhira, kuonyesha kuwa kazi bado ipo. Sisi tunaotoka nchi ambazo kipindupindu bado kinarudi na mvua hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Ukienda, nenda ukijua na la kwetu pia. Kipindupindu kilipoipiga Zanzibar mwaka 1869 na 1870, daktari James Christie aliyekuwa akiishi kisiwani aliwahoji wafanyabiashara wa misafara ili ajue ugonjwa ulipitia njia gani hadi kufika pwani. Ni kazi ya aina ile ile ya Snow, na sehemu kubwa ya taarifa zake ilitoka vinywani mwa watu wa pwani na bara. Ukilitaja hilo kwenye mazungumzo baada ya mhadhara, nina hakika utapata wasikilizaji.

Kujisajili na kuelewa saa

Matukio mengine huhitaji usajili, mengine unaingia tu. Ukitakiwa kujisajili, jaza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, kisha hifadhi barua pepe ya uthibitisho kwenye simu. Ukipata dharura, futa nafasi yako ili mwingine aipate. Nafasi za bure huisha haraka, na viti vinavyobaki vitupu huwaudhi waandaaji.

Saa iangalie vizuri, hasa ukimwalika mwenzako kwa Kiswahili. Tangazo likisema 18:00, hiyo ni saa kumi na mbili jioni. Ukimwandikia rafiki yako "tukutane saa sita" kwa sababu umeona 6 kwenye tangazo, mmoja wenu atapotea. Kwa mialiko ya watu wa nyumbani, andika zote mbili: saa kumi na mbili jioni, 18:00.

Halafu wanaanza kwa wakati. Ikiandikwa saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na dakika tano mwenyekiti ameshamaliza kumtambulisha mgeni. Fika robo saa kabla.

Maandalizi: hapa ndipo jioni inaposhindwa au inapofaulu

Tenga muda wa kusoma kitu kimoja kilichoandikwa na mzungumzaji. Kimoja tu kinatosha. Andika jina lake kwenye PubMed, tovuti ya kutafutia makala za utafiti wa tiba, chagua makala inayohusu mada ya jioni hiyo, usome muhtasari na sehemu ya mwisho ya majadiliano. Katikati unaweza kuruka. Unaposoma, tafuta majibu ya mambo haya: utafiti ulifanyika wapi, mwaka gani, nani walishiriki, walilinganishwa na nani, na kitu gani kilibadilika.

Nitoe mfano wa kweli unaotuhusu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania, shirika la afya la AMREF na chuo hiki cha Keppel Street walifanya jaribio mkoani Mwanza. Walichukua jamii 12, wakazipanga jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati: watumishi walipewa mafunzo, dawa zilihakikishwa hazikatiki, na usimamizi ukawa wa mara kwa mara. Baada ya miaka miwili, watu wazima waliopata maambukizi mapya ya VVU walikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizoboreshewa, na asilimia 1.9 katika zile nyingine. Pungufu ya karibu asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na yakazungumzwa dunia nzima.

Mwaka 1999 yakatoka matokeo ya Rakai, Uganda. Huko, timu ya utafiti ilipita nyumbani kwa watu na kuwagawia wote dawa za magonjwa ya zinaa, mwenye dalili na asiye na dalili, kila baada ya miezi 10. Maambukizi mapya ya VVU hayakupungua.

Sasa mtu anayesoma kwa makini anauliza: mbona ziwa ni moja, Victoria, magonjwa ni yale yale, na majibu yamepishana? Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba janga la Uganda lilikuwa la muda mrefu zaidi na limeenea zaidi, hivyo magonjwa ya zinaa yanayotibika yalichangia sehemu ndogo ya maambukizi. Na pia kwamba Mwanza mgonjwa alitibiwa mara tu alipoona dalili, wakati Rakai dawa zilikuja kwa awamu, na katikati ya awamu watu waliweza kuambukizwa tena. Unaona? Mtu aliyesoma mihtasari miwili tu ameshapata swali ambalo maprofesa walibishana nalo kwa miaka. Huhitaji shahada ya uzamivu kulifikia.

Kulitengeneza swali

Andika swali lako kabla hujatoka nyumbani, kwenye karatasi, si kwenye simu. Lifikirie kwa Kiswahili kwanza, maana ndiko akili yako inakokaa, kisha uliweke kwa Kiingereza kwa sentensi fupi. Sentensi moja ya kueleza umetoka wapi na kwa nini unauliza, sentensi moja au mbili za swali. Lisome kwa sauti. Likizidi nusu dakika, punguza.

Swali dhaifu ni kama hili: "Mnafanya nini kuhusu Afrika?" Mzungumzaji atajibu kwa maneno matamu na hutapata kitu. Swali lenye nguvu linashika jambo moja na kulivuta: "Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi kwenye zahanati mkoa wa Tanga. Umeonyesha kuwa dawa zilipokuwepo muda wote, wagonjwa waliokuja kutibiwa waliongezeka. Mradi ulipofungwa, nani aliendelea kununua zile dawa?"

Nimewahi kumwona mwanamke mmoja akiinuka na kuuliza karibu na maneno hayo hayo. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, na ukumbi ulinyamaza kumsikiliza. Mzungumzaji aliweka kalamu chini kabla ya kujibu, na jibu lake lilikuwa la dakika kadhaa, kwa sababu lilimgusa pale ambapo slaidi zilikuwa zimepita haraka. Lafudhi ya kwetu haijamzuia mtu kusikilizwa. Kinachozuia ni swali lisilo na mwisho.

Kuna maswali manne ninayopenda kuyabeba kama akiba, kwa sababu yanafaa karibu kila utafiti uliofanyika kwetu. Washiriki walielezwa matokeo, na kwa lugha gani? Takwimu zinahifadhiwa wapi, na mtafiti kijana wa Dodoma au Kisumu akitaka kuzitumia afanyeje? Nani kati ya waandishi wa makala anatoka nchi husika, na yuko nafasi gani kwenye orodha? Wizara ya afya ilibadilisha nini baada ya hapo? Yaulize kwa heshima, kama mtu anayetaka kazi ile iwe na faida zaidi. Mara nyingi mzungumzaji mwenyewe ana kiu ya kulizungumza hilo.

Safari ya kwenda

Vituo vya karibu vya treni ya chini ya ardhi ni Goodge Street, Russell Square na Tottenham Court Road. Ukitokea Euston unatembea tu. Kati ya saa kumi alasiri na saa moja usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, nauli ya treni huwa ya juu, kwa hiyo kama hela ni ya kuhesabu panda basi. Basi halipokei pesa taslimu. Gusisha Oyster, yaani kadi ya nauli ya London, au kadi ya benki, na ukibadilisha basi ndani ya saa moja hulipi tena. Chukua koti hata kama mchana ulikuwa mzuri. Desemba giza huingia saa kumi alasiri, na utatoka ukumbini usiku kabisa.

Ukifika, simama nje kidogo utazame juu. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1929, na kwenye vizuizi vya roshani zake kuna wadudu na wanyama waliopakwa dhahabu: mbu, kiroboto, panya, nyoka, mbung'o. Juu zaidi yamechongwa majina ya wakubwa wa tiba na usafi, kama Manson, Ross, Pasteur na Koch. Kwa miaka 90 orodha ile ilikuwa ya wanaume peke yao. Mwaka 2019 yakaongezwa majina ya Florence Nightingale, Marie Curie na Alice Ball. Chuo chenyewe kilianzishwa na Patrick Manson mwaka 1899 kwenye bandari ya London, kufundisha madaktari waliokuwa wakipelekwa makoloni. Kwa hiyo unapopita mlango ule, unaingia kwenye nyumba ambayo historia yake na ya kwetu zimefungana muda mrefu. Ingia kifua mbele.

Mapokezi utaonyesha barua pepe ya usajili, wakati mwingine utapewa stika ya jina. Andika jina unalopenda kuitwa, kwa herufi kubwa. Kama unahitaji mahali pa kuswali magharibi, waulize hapo hapo. Vyuo vingi vya London vina chumba cha ibada.

Ukumbini

Kaa safu ya pili au ya tatu, karibu na njia, ili kipaza sauti kikufikie. Zima mlio wa simu. Gawa ukurasa wako sehemu mbili: upande mmoja alichosema, upande mwingine ulichofikiri. Usijaribu kunakili kila slaidi. Andika tarakimu unazoweza kuzihakiki baadaye, majina ya mahali, na kitu chochote kinachokupinga au kukushangaza. Kupiga picha slaidi mara nyingi kunaruhusiwa, lakini ikiandikwa kuwa matokeo hayajachapishwa, acha. Picha moja kwenye kundi la WhatsApp inaweza kumharibia mtafiti kazi ya miaka.

Wakati wa maswali, inua mkono mapema, kwenye swali la kwanza au la pili. Muda huisha ghafla. Subiri kipaza sauti hata kama sauti yako ni kubwa, kwa sababu wanaofuatilia kwa intaneti hawatakusikia. Taja jina, taja utokako, uliza, kaa. Kama swali lako limeshaulizwa na mwingine, ama toa lile la akiba, ama shusha mkono.

Baada ya mhadhara

Hapa watu wetu wengi huondoka, na ndipo wanapopoteza nusu ya faida. Nje ya ukumbi huwa kuna meza ya vinywaji na vitafunio. Divai itakuwepo, na maji na juisi pia. Chukua unachokunywa, hakuna atakayekuuliza. Kuhusu chakula, uliza kama ni halali, na usije na njaa ukitegemea mlo, kwani mara nyingi ni karanga na vipande vya mkate. Miaka hii ambayo Ramadhani inaangukia Februari na Machi, magharibi ya London huingia karibu na muda wa mhadhara kuanza. Beba tende na chupa ya maji, ukae pembeni, ufungue bila wasiwasi.

Usimkimbilie mzungumzaji kwanza, atazingirwa. Anza na aliyekaa jirani yako: "Nini kimekuleta leo?" ni swali linalofungua watu. Halafu watafute wanafunzi wa uzamivu wa yule profesa, ambao ndio wanaojua zahanati zenyewe na ndio wenye muda. Ukimfikia profesa, mwite Profesa pamoja na jina la ukoo mpaka akwambie vinginevyo, taja kitu kimoja alichosema, uliza kimoja, mshukuru, mpishe mwingine. Dakika tatu zinatosha.

Na ukimkuta mzee wa kwetu pale, mtafiti wa Muhimbili au wa Makerere aliyekuja kwa wiki moja, mwamkie kama unavyomwamkia nyumbani. "Shikamoo, Profesa" itamfurahisha kuliko kadi yoyote. Zungumzeni Kiswahili, ila akija mtu mwingine kusimama nanyi, mfungulieni nafasi na mbadilishe lugha.

Kufuatilia

Andika ujumbe kesho yake, wakati bado anakukumbuka. Kwa Mzungu utaandika Kiingereza kwa mpangilio huu huu. Kwa mtafiti wa kwetu unaweza kuandika hivi:

"Shikamoo Profesa. Mimi ni yule muuguzi wa Tanga niliyekuuliza jana kuhusu dawa baada ya mradi kufungwa. Nashukuru kwa jibu lako. Ulitaja ripoti ya halmashauri inayoeleza namna walivyoendelea. Ningeomba unielekeze ninapoweza kuipata. Nakutakia safari njema ya kurudi."

Ombi liwe moja, na liwe dogo. Usiombe ufadhili wala kazi kwenye ujumbe wa kwanza. Akijibu, soma ulichotumiwa, kisha mwandikie ulichojifunza. Uhusiano wa kikazi hujengeka hapo.

Usiku huo huo, kabla hujalala, pitia karatasi yako na uandike mistari mitano kwa Kiswahili kwa wenzako wa kundi la nyumbani: nini kimesemwa, kimetoka wapi, na kinamhusu nani. Tarakimu zihakiki kwanza kwenye makala yenyewe. Uvumi wa afya unasambaa vya kutosha.

Kwa mlioko nyumbani

Mingi ya mihadhara hii hurushwa moja kwa moja, na kiungo hupatikana kwenye ukurasa wa tukio. Kumbuka London hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa baridi, mhadhara wa 18:00 London ni saa tatu usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wakati wa kiangazi ni saa mbili usiku. Lubumbashi, Kigali na Bujumbura mko saa moja nyuma ya hapo. Swali lako liandike mapema kwenye sehemu ya maswali, utaje mji uliopo na kazi unayofanya, kwa sababu mwongoza mjadala akiona swali limetoka kwa tabibu wa Sengerema kuhusu utafiti uliofanyika Mwanza, ana kila sababu ya kulisoma la kwanza.